Uhamie Sims 4 au ubaki na Sims 3? Jinsi ya kuamua kabla hujamaliza bando

Kama bado unacheza The Sims 3, lile gemu la kompyuta la kutengeneza watu, kuwajengea nyumba na kuendesha maisha yao, na kila ukiingia mtandaoni unakuta watu wanaonyesha nyumba zao za Sims 4, najua hilo swali linavyosumbua. Mimi nacheza zote mbili na nazipenda zote, ila kila moja kwa sababu yake, na uamuzi wako unaanzia hapo hapo: unacheza kwa ajili ya mtaa au kwa ajili ya watu?

Kwenye Sims 3 mji mzima uko wazi. Mtu wako anatoka mlangoni pale Sunset Valley, mji mmojawapo wa gemu hilo, anachukua baiskeli, anapita kwa jirani, anashuka mpaka ufukweni, na wewe unamfuata njia nzima bila kitu kukatika, na huku nyuma watu wa mji wanaendelea na yao, wanaoana, wanazaa, wanabadilisha kazi. Sims 4 haina hiyo. Kuingia tu nyumba ya jirani mnayetazamana naye lazima usubiri skrini ipakie, na gari la kuendesha hakuna.

Halafu kuna suala la rangi, na hapa watu wa mapambo nisikilizeni vizuri. Sims 3 unachukua sofa, unaliwekea kitambaa unachotaka, unazungusha gurudumu la rangi mpaka upate ile bluu yenyewe, kisha kitambaa hicho hicho unakiburuta unakidondosha kwenye mapazia na mito. Sims 4 unachagua kwenye rangi walizokuwekea, basi. Hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Lakini watu wa Sims 4 wana uhai jamani. Akiwa na huzuni unaiona kwenye mwendo wake kabla hujasoma chochote, na anaweza kula huku anapiga stori huku anaangalia TV. Ukitengeneza sura unashika pua yenyewe unaivuta, unashika shavu unalijaza. Na ujenzi ndo usiseme, unabeba chumba kizima na vitanda vyake unakipeleka upande wa pili wa kiwanja. Ila tabia za mtu mzima ni 3 tu, wakati Sims 3 unampa 5.

Tahadhari moja, usiamue kwa kusoma malalamiko ya zamani kuhusu Sims 4. Ni kweli ilipotoka Septemba 2014 haikuwa na mabwawa ya kuogelea wala watoto wadogo wanaojifunza kutembea, watu walikasirika na walikuwa na haki. Mabwawa yakaja Novemba mwaka huo huo, wale watoto Januari 2017, vichanga wa kubeba na kubembeleza Machi 2023, vyote kwa apdeti za bure. Hata majirani sasa unaweza kuwaruhusu waendelee na maisha yao wenyewe kwenye mipangilio.

Kama unachotaka kukimbia ni Sims 3 kuganda, usihame bado. Sims 3 ya Windows ni programu ya biti 32, haitumii zaidi ya GB 4 za RAM hata kompyuta yako ikiwa na 16, ndo maana ukirundika nyongeza nyingi, yaani vile vifurushi vya ziada vinavyouzwa kando, unakuja kusevu unakutana na Error 12, ujumbe kwamba gemu limeshindwa kusevu. Zima nyongeza usizozitumia, weka modi za NRaas, yaani marekebisho yaliyotengenezwa na wachezaji, hasa Overwatch inayosafisha mji kila usiku, na kama unaishi Isla Paradiso hamishia familia mji mwingine, kile kisiwa kinajulikana kwa kuganda. Sims 4 yenyewe inataka kompyuta ya biti 64 na angalau GB 4 za RAM, ila ukweli 8 ndo unacheza kwa raha.

Upande wa hela, gemu la msingi la Sims 4 ni bure tangu Oktoba 18, 2022. Kinachokula hela ni nyongeza, maana ulizonunua za Sims 3 hazihami, familia yako pia haihami. Paka na mbwa unanunua upya, misimu ya mvua na baridi unanunua upya, nyongeza kubwa moja bei kamili ni karibu dola 40. Punguzo huja mara kwa mara, subiri.

Kwa hiyo fanya hivi. Andaa nafasi zaidi ya GB 20, shusha gemu la msingi peke yake usiku kama bando lako la usiku ni nafuu, tengeneza familia ile ile unayoijua, sura zile zile, nyumba ile ile kadiri inavyowezekana, na uishi nayo wiki mbili bila kununua chochote. Mtoto azaliwe, akue, aende shule. Kila unapokwama ukasema "kule kwetu hii ipo", iandike. Ukikuta karatasi imejaa mambo ya mji na rangi, rudi Sims 3 na roho safi. Ukikuta yote ni vitu vya kununua, ngoja punguzo, uanze na kimoja tu.

Na usifute Sims 3 ili kupata nafasi kabla hujaenda Documents, Electronic Arts, The Sims 3, kisha Saves. Kila gemu ulilosevu lina folda inayoishia na .sims3, nakili zote kwenye fleshi, halafu fungua hiyo fleshi uhakikishe kweli zimeingia.