Namna ya kupima ombi la kituo cha data kabla ya kuahidi umeme na nafuu ya kodi

Mwongozo huu ni wa afisa wa kaunti, wizara au shirika la umeme nchini Kenya aliyeletewa ombi la kujenga kituo kikubwa cha data. Mara nyingi mambo huharibika kwenye mpangilio: nafuu ya kodi hutiwa saini kwanza, kisha wahandisi wa gridi (mtandao wa umeme wa taifa) wanaulizwa kama umeme upo. Anza na wahandisi.

Ukubwa wa jambo uuone hivi. Mei 2024, Microsoft na G42, kampuni ya Falme za Kiarabu, walitangaza mpango wa dola bilioni 1 wa kituo cha data Olkaria, eneo la umeme wa mvuke wa ardhini karibu na Naivasha, uanze na megawati 100 na uweze kukua hadi gigawati 1. Kilele cha mahitaji ya Kenya nzima mwanzoni mwa mwaka 2025 kilikuwa kimepita kidogo tu megawati 2,300. Kwa hiyo awamu ya kwanza peke yake ni zaidi ya asilimia 4 ya kilele cha taifa, kwa mteja mmoja, kwenye mita moja.

Hatua ya kwanza ni kudai namba nne kwa maandishi: megawati za kompyuta zenyewe, PUE (yaani umeme wote unaoingia kituoni ukigawanywa kwa ule unaofika kwenye kompyuta), wastani wa matumizi ukilinganishwa na kilele, na ratiba ya kupanda kwa mzigo robo mwaka kwa robo mwaka. Mwombaji akisema "megawati 40", muulize ni za kompyuta au za kwenye mita. Kompyuta zikila 40 na PUE ikiwa 1.3, kwenye mita utaona 52. Wastani ukiwa asilimia 80, zidisha 52 kwa 0.8 kwa saa 8,760: unapata takriban gigawati-saa 364 kwa mwaka. Tofauti ya 40 na 52 inatosha kukufanya uagize transfoma isiyotosha.

Na transfoma haziagizwi leo zikafika kesho. Zile kubwa huchukua miaka miwili hadi minne, ilhali jengo la kituo cha data linaweza kukamilika kwa mwaka mmoja na nusu. Kwa mzigo wa megawati 52, panga transfoma mbili za MVA 60 kila moja (MVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), ili moja ikiharibika nyingine ibebe mzigo wote. Ukipanga mbili za 30 zifanye kazi pamoja, moja ikiharibika utazima karibu nusu ya kituo.

Kisha angalia saa, si jumla ya mwaka pekee. Usiku wa manane mahitaji hushuka na mvuke wa Olkaria huachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Mzigo wa kituo cha data saa hizo ni neema kwa gridi. Lakini kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, kila nyumba ikiwa imewasha taa, kituo hicho hicho kinagombea umeme na wananchi. Uliza mapema: saa hizo mwombaji yuko tayari kupunguza megawati ngapi, kwa taarifa ya dakika ngapi, kwa betri au kwa kuahirisha kazi zisizo za haraka? Jibu liingie kwenye mkataba. Jenereta za dizeli zisikubaliwe kama jibu la kila jioni.

Uchunguzi wa gridi ugharamiwe na mwombaji, lakini ufanywe au uhakikiwe na Kenya Power na KETRACO, shirika la njia kuu za umeme. Usiishie kwenye kupima kama nyaya zinatosha. Sehemu inayorukwa mno ni hii: mzigo wote ukitoka ghafla, itakuwaje? Tarehe 10 Julai 2024, kaskazini mwa Virginia, Marekani, kizuia radi kiliharibika kwenye njia ya kilovolti 230. Njia ilijaribu kujirudisha yenyewe, na volteji ikazama mara sita ndani ya sekunde 82. UPS (mitambo ya betri inayoshika umeme ukiyumba) za vituo vingi vya data zilikuwa zimepangwa kuhesabu: mitikisiko mitatu ndani ya dakika moja, hamia umeme wa akiba na ubaki huko hadi mtu akurudishe kwa mkono. Takriban megawati 1,500 zikatoka kwenye gridi kwa mkupuo, bila kampuni ya umeme kukata chochote. Gridi ile ni kubwa mno, ikavumilia. Ya Kenya ni ndogo: Agosti 2023 kupotea kwa umeme wa upepo wa Turkana kulifuatiwa na giza karibu nchi nzima. Mzigo ukitoka ghafla masafa ya umeme (hezi) hupanda badala ya kushuka, lakini mitambo huweza kujizima vilevile. Kwa hiyo dai mipangilio ya UPS kwa maandishi, dai mzigo urudi kwa hatua, na mfano wa kompyuta wa kituo hicho uingizwe kwenye uchunguzi.

Mkataba wa umeme uwalinde wateja wengine. Jimbo la Ohio, Marekani, lina somo zuri: Julai 2025 mdhibiti aliamuru vituo vipya vya data vya zaidi ya megawati 25 katika eneo la kampuni ya umeme ya AEP vilipie angalau asilimia 85 ya umeme vilioomba, hata visipoutumia, kwa hadi miaka 12 ikijumuisha miaka 4 ya kupandisha matumizi. Maombi yaliyokuwa yamefikia megawati 30,000 yakashuka hadi 13,000. Waliobaki ndio wenye nia. Weka pia dhamana ya benki inayofidia stesheni na njia za umeme zitakazojengwa, maana Kenya inajua gharama ya ratiba zisizokutana: mitambo ya Turkana ya megawati 310 ilikuwa tayari 2017, njia ya kwenda Suswa ikawashwa Septemba 2018, na fidia ikalipwa kwa umeme ambao haukusafirishwa.

Sasa ndipo uje kwenye kodi. Kampuni iliyo ndani ya eneo maalumu la kiuchumi hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na 15 kwa 10 inayofuata, badala ya 30. Hesabu pia msamaha wa ushuru wa vifaa, na usiuhesabu mara moja: seva hubadilishwa kila baada ya miaka minne hadi sita, na kila shehena mpya inaingia na msamaha wake. Upande wa ajira kuwa mkweli. Mafundi ni wengi wakati wa ujenzi, lakini jengo likishawaka, waliobaki mara nyingi huwa makumi hadi mamia machache tu. Usitoe nafuu kwa ahadi ya maelfu.

Nafuu yoyote iliyo mikononi mwako, kama ada za kaunti, kodi ya ardhi au barabara, igawe kwa awamu kulingana na megawati zilizosomwa kwenye mita. Awamu ikichelewa zaidi ya miezi 12, uwezo wa gridi uliotengwa urudi kwa wengine walio kwenye foleni. Kila mwezi kituo kiwasilishe kilele chake, PUE, maji kiliyotumia na saa za jenereta. Kituo kikiwa karibu na Naivasha, ripoti iandike maji kwa mita za ujazo na chanzo chake, kwa sababu Ziwa Naivasha lina wakulima wa maua na wavuvi wanaolitegemea.