Sushi ya mkanda Japani: ule ushibe na nauli ibaki

Kama ndo umefika Japani kusoma au kutafuta maisha na mfuko umekaa vibaya, neno sushi (vidonge vya wali na samaki juu, mara nyingi mbichi) lisikutishe. Ile ya bei ya kulia machozi ni ya kwa mpishi anayekutengenezea mkononi umemkalia mbele. Ya kwetu sisi inaitwa kaiten zushi, sahani zinapita kwenye mkanda mbele ya meza na wewe unakula. Ilianza Osaka 1958, mzee mmoja anaitwa Yoshiaki Shiraishi aliona chupa za bia zinavyotembea kiwandani, na yeye wahudumu wa kutosha hana, akaona hapo hapo shida yake imeisha.

Usiende saa saba mchana wala jumapili jioni, utakaa kwenye foleni na watoto wa watu mpaka njaa ikuishe yenyewe. Siku ya kazi saa tisa hivi ndo muda wake. Mlangoni kuna mashine, unabonyeza mko wangapi, meza au kaunta, inatoa karatasi ya namba. Namba zinaitwa kijapani kwahiyo macho kwenye skrini.

Ukikaa, kuna bomba dogo jeusi mezani limetoka pale pembeni. SIO LA KUNAWA. Mimi siku ya kwanza nilipeleka mkono kama niko nyumbani nanawishwa kabla ya ubwabwa, kumbe maji ya chai, yanachemka kabisa, niliruka mpaka bibi wa meza ya pili akaniletea glasi ya barafu. Unachukua kikombe, unaweka unga wa chai ya kijani kidogo, unasukuma kikombe kwenye kile kitufe maji yanatoka. Chai ni bure, kunywa hata vitano.

Sasa kuagiza. Watu wanakaa kusubiri mkanda ulete wanachotaka, achana na hiyo, tumia tableti ya mezani, ina kiingereza na picha. Halafu siku hizi migahawa mingi mkanda haupitishi tena sushi za kila mtu, 2023 kuna video ilisambaa kijana analamba chupa ya sosi na kupaka mate sushi inayopita, nchi nzima ikachafukwa roho, sa hivi sehemu nyingi kinachopita ni ulichoagiza tu. Kikifika tableti inalia, nyanyua haraka. Na ukishagusa sahani ni yako, usirudishe.

Anza na unavyovijua kwa jina la nyumbani: maguro ni jodari, tako ni pweza (ila huyu ni baridi, usitegemee yule wa Forodhani Zanzibar), ika ni ngisi, ebi ni kamba. Kama samaki mbichi roho inakataa kuna yai, kuna mahindi ya mayonezi, chipsi, udoni ya moto (tambi nene za mchuzi). Natto waachie wenyewe, ni soya iliyochacha inavutika kama mlenda na harufu yake mnajuana huko huko.

Wanaokula halali muwe macho, sosi nyingi za soya zina alkoholi ndani, na mchuzi wa mkunga na lile yai mara nyingi vinawekwa mirin ambayo ni pombe ya kupikia. Wengine tunabeba kichupa chetu cha sosi mfukoni.

Kula kwa mkono ruksa kabisa. Geuza kidonge, chovya upande wa samaki, ukichovya wali unasambaratika wote kwenye sosi. Ile ya kijani sio chatine ya parachichi, ni wasabi, haiwashi ulimi inapanda puani moja kwa moja, weka kama punje ya mchele. Tangawizi ya kwenye boksi ni bure, ya kusafisha mdomo kati ya samaki na samaki.

Bei zamani ilikuwa yeni 100 kabla ya kodi, tangu 2022 zimepanda, sahani ya chini sasa ni kama 110 mpaka 150, mijini ndo juu, na nyingi zina vidonge viwili. Sahani kumi mwanaume anashiba. Angalia bei kwenye picha kabla ya kubonyeza, maana zipo sahani zina kidonge kimoja na bei ni ya sahani tatu.

Sahani tupu zipange mezani usizifiche, ndo bili yenyewe. Kuna migahawa ina tundu mezani unazitumbukiza humo, kila tano skrini inakuchezea bahati nasibu ya kamdoli. Ukimaliza bonyeza kaikei (yaani bili), ukalipe kwa keshia au kwenye mashine. Tipu usiache, watakukimbiza barabarani wakurudishie.