Somo: Landrover 109 ya petroli inapozima njiani, tuanzie wapi?

Somo hili linahusu Landrover Series III, ile ya 109 yenye injini ya petroli ya lita 2.25, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ninayoendesha, na pia kwa sababu injini yake haina kompyuta ya kuficha siri: karibu kila hitilafu inayoizima unaweza kuiona kwa macho au kuigusa kwa mkono. Tatizo letu wengi ni haraka ya kununua vipuri. Mimi mwenyewe nilinunua koili mbili (koili ni kifaa kinachokuza umeme wa kutoa cheche) na pampu moja ya mafuta kabla ya kugundua kwamba tundu la kupitishia hewa kwenye kifuniko cha tenki lilikuwa limezibwa na udongo, na kwamba gari lilikuwa likizima baada ya kila nusu saa kwa sababu pampu ilikuwa ikivuta petroli kutoka kwenye tenki lisiloingiza hewa.

Hatua ya kwanza: kumbuka lilivyozima

Kabla ya kufungua boneti, jiulize gari lilizima namna gani. Injini iliyokatika ghafla, kana kwamba mtu amezima swichi, kwa kawaida imekosa umeme. Injini iliyoanza kukohoa, ikapungua nguvu mlimani, ikashtuka mara mbili tatu kisha ikafa, kwa kawaida imekosa mafuta. Ile inayotembea vizuri barabarani lakini haishiki silensa (mngurumo wa chini bila kukanyaga mafuta) ukifika kwenye kona ina shida nyingine, nayo nitaigusa kwenye maswali. Kanuni hii si msumari, lakini inakuonyesha upande wa kuanzia.

Hatua ya pili: pima wakati injini bado imegoma

Hapa ndipo wengi tunapopoteza ushahidi. Tunapiga stata mpaka betri inachoka, au tunakaa kivulini dakika ishirini, gari linawaka, tunaondoka bila kujua lilikuwa na nini. Tumia dakika tano za mwanzo kwa vipimo viwili.

Kipimo cha mafuta: ondoa mpira wa hewa juu ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), chungulia kooni, kisha mtu akanyage pedeli ya mafuta huku injini imezimwa. Kabureta ya Zenith ina pampu ndogo ya kuongeza mwendo, kwa hiyo unapaswa kuona uzi mwembamba wa petroli ukirushwa ndani. Ukiuona, bakuli la kabureta lina mafuta. Usipouona, tafuta kule yanakotoka.

Kipimo cha moto, yaani cheche: chomoa waya mnene wa katikati kwenye kofia ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi), ushike kwa koleo yenye mpira, ncha yake ikiwa umbali wa milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Cheche ya buluu inayolia ta-ta-ta ni nzuri. Ya rangi ya chungwa, nyembamba na ya kusitasita, ni dhaifu. Usifanye kipimo hiki ukiwa umetoka kumwaga petroli, na hakikisha mpira wa hewa umerudishwa.

Hatua ya tatu: ikiwa ni mafuta

Fungua kwanza kifuniko cha tenki na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mluzi, umepata jibu langu la koili mbili. Kisha tazama kikombe cha kioo chini ya pampu. Maji hukaa chini ya petroli kama ushanga mkubwa unaoteleza, na kutu huonekana kama unga wa rangi ya kahawia. Kioshe, na kagua gasketi yake, kwa sababu ikipasuka pampu huvuta hewa badala ya mafuta bila kudondosha hata tone nje.

Pampu hiyo ina kijiti cha kusukuma kwa mkono. Kikiwa legevu na hakishiki, usiihukumu pampu bado: huenda kemu (kinundu cha shafti kinachoisukuma) imeishikilia juu, basi zungusha injini kidogo kwa hendeli na ujaribu tena. Ukisukuma mara kadhaa, injini ikawaka na kuzima tena baada ya dakika moja, mafuta hayafiki kwa kasi inayotakiwa, na hapo ndipo unapochunguza filta, bomba na diaframu (utando wa ndani ya pampu).

Kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto, inayopanda karibu mita 1,000, kuna kisa kingine: petroli huchemka ndani ya bomba lililo karibu na eksozi, pampu ikawa inasukuma mvuke. Kitambaa kibichi juu ya pampu na bomba kikilirudisha gari barabarani, sogeza bomba mbali na joto.

Hatua ya nne: ikiwa ni moto

Chukua taa ndogo ya volti 12. Unganisha upande mmoja kwenye temino ya koili inayoelekea distributa, upande wa pili kwenye bodi, washa swichi na uzungushe injini polepole. Taa inapaswa kuwaka platini (ncha mbili ndani ya distributa zinazokata na kuunga umeme) zikifunguka na kuzimika zikifungana. Ikibaki inawaka, platini hazigusani au waya umekatika ndani ya distributa. Ikibaki imezimika, koili haipati umeme kutoka kwenye swichi, au kuna shoti.

Uwazi wa platini za Lucas ni milimita 0.35 hadi 0.40, na upimwe kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), wala si kwa karatasi ya sigara. Platini zilizoungua zikawa na rangi ya buluu zinaishtaki kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia platini kuungua kwa cheche. Kisha shika kwa vidole ule waya mfupi laini unaoingia kwenye sahani ya platini. Nyuzi zake hukatika ndani huku ganda likiwa zima, na sahani inapozungushwa na vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) unapokanyaga mafuta, ncha zinaachana. Injini inazima, unainua mguu, ncha zinagusana tena. Kitu kidogo hiki kimefukuzisha mafundi wengi kazi.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Langu huzima likifika kwenye makutano baada ya safari ndefu, lakini ukikanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata, linawaka na kutoa moshi mweusi.

Jibu: Marahaba. Hiyo ni petroli nyingi kupita kiasi. Zenith ina ugonjwa wa kupinda pale sehemu mbili za bodi yake zinapokutana, na mpira wa duara uliomo katikati huchakaa. Badilisha mpira huo, kisha weka msasa laini juu ya kioo na usugue uso uliopinda mpaka unyooke. Kagua pia kama boya limetoboka: litikise karibu na sikio, ukisikia petroli ikicheza ndani, tafuta jingine.

Swali: Nimebadilisha koili lakini likipata moto sana bado linakatika ghafla. Likipoa linawaka.

Jibu: Badilisha kondensa kabla ya kingine chochote, na usiitupe ya zamani, maana baadhi ya mpya hufa mapema kuliko zilizochakaa. Kama bado, tazama rota (kipande kinachozunguka chini ya kofia ya distributa) mpya yenye ribiti katikati. Umeme huweza kupenya chini ya ribiti kwenda kwenye shafti.

Swali: Je, niondoe platini niweke mfumo wa kielektroniki?

Jibu: Unaweza, nami sikulaumu. Ila rekebisha kwanza waya na ethi (muunganiko wa umeme kwenye bodi), kwa sababu mfumo huo nao unazitegemea. Sahani ya zamani pamoja na platini na kondensa yake viache kwenye boksi chini ya kiti, vikiwa vimeshapimwa, pamoja na bisibisi ya kuvifungia.