Dalali, Kabla Hujamwambia Mnunuzi "Ongeza Kidogo"

Mazungumzo ya bajeti yafanyike kabla hujamwonyesha nyumba hata moja, tena mkiwa mmekaa. Usiyaanzishe garini mkitoka kwenye nyumba aliyoipenda, kwa sababu hapo atakubali kiasi chochote, na kesho yake atakikana. Wakiwa wanunuzi wawili, wawepo wote wawili. Bajeti ya mmoja huvunjwa na mwenzake siku ya kusaini.

Mwambie mapema unamwakilisha nani na kamisheni yako inatoka wapi. Kama unalipwa kwa asilimia ya bei, anajua bei ikipanda nawe unanufaika, kwa hiyo ni afadhali ulitaje wewe mwenyewe. Kama uko upande wa muuzaji, usimdodose mnunuzi ukomo wa bajeti yake kabisa.

Swali la "bajeti yako ni ngapi?" halitoshi. Unahitaji tarakimu tatu: kiasi anachoweza kulipa bila kubanwa, kiasi asichokivuka hata nyumba iwe nzuri namna gani, na kiasi kilichoandikwa kwenye barua ya benki inayotaja mkopo anaoweza kupewa. Hicho cha tatu ndicho madalali wengi hukikimbilia, na ndicho cha kuaminiwa kidogo kuliko vyote. Benki imepima kipato na madeni. Mara nyingi haijauliza kuhusu wazazi anaowatunza wala mtoto anayetarajiwa. Isome barua yenyewe: imetolewa baada ya nyaraka kukaguliwa, au ni makadirio ya maneno matupu? Inaisha lini?

Gharama za pembeni zitolewe kwanza kwenye pesa aliyonayo: mwanasheria, uthamini, ushuru, usajili wa hati, bima, kuhama. Akiba ya dharura, angalau miezi mitatu ya matumizi, isiguswe. Pesa iliyoahidiwa na ndugu, ulizia kama ni zawadi au deni na kama imeshaingia kwenye akaunti. Benki nayo itauliza.

Sasa, linaloangusha mauzo mengi. Mnunuzi anaposema "naweza kuongeza kidogo", muulize: unaongeza kutoka mfuko upi, rejesho la kila mwezi au kianzio, yaani taslimu unayotanguliza mwenyewe? Tuchukue nyumba ya 1,000,000, ya sarafu yoyote. Benki inakopesha asilimia 80, kianzio ni 200,000. Ushindani unazuka, dalali anashauri apeleke ofa ya 1,100,000. Mnunuzi anapiga hesabu kichwani: asilimia 20 ni 220,000, basi natafuta 20,000 tu. Anasaini na kulipa amana ya kushikilia nyumba. Wiki kadhaa baadaye mthamini wa benki anaandika kwamba thamani ya nyumba ni 1,000,000. Benki hukopesha kwa kufuata kiwango kilicho kidogo kati ya bei na thamani, kwa hiyo mkopo unabaki 800,000 palepale. Kianzio sasa ni 300,000. Nyongeza nzima imetua kwenye mfuko wa taslimu, ambao ndio mtupu zaidi. Kama mkataba hauna sharti la kujitoa uthamini ukipungua, amana nayo iko hatarini, na huyo mtu hatakutajia mteja mwingine maishani mwake. Kwa hiyo kabla ya kupandisha ofa, mwandikie hesabu mbili kwenye karatasi moja: uthamini ukifika bei, na usipofika. Akishindwa ya pili, ofa isipande bila sharti hilo.

Hata uthamini ukifika, usijifiche nyuma ya rejesho la mwezi. Kwa riba ya asilimia 12 na miaka 20, mkopo wa 800,000 unalipwa takriban 8,809 kwa mwezi. Wa 880,000 unalipwa 9,690. "Ni 881 tu" inasikika tamu, lakini kwa miezi 240 ni zaidi ya 211,000 kwa ajili ya nyongeza ya 80,000. Mpe tarakimu zote mbili. Na kama riba inabadilika, mwonyeshe ikifika asilimia 14: mkopo uleule wa 800,000 unakuwa 9,948 kwa mwezi. Asiyeweza kuibeba hiyo hana nafasi ya kuongeza, hata akisema anayo.

Kunyumbulika si kwa bei peke yake. Muulize angeacha nini kwanza: chumba cha ziada, umbali wa kwenda kazini, nyumba iliyokamilika, au muda wa kuhamia. Jibu liandike kwa mpangilio. Mara nyingi aliyekwama kwenye bei yuko tayari kuchukua nyumba inayohitaji rangi na mabomba, mradi fundi akadirie gharama kabla ya ofa, kwani mkopo wa kununulia kwa kawaida haugharamii matengenezo.

Usimwonyeshe nyumba iliyo juu ya ukomo wake kwa matumaini ya kushusha bei, isipokuwa unajua nyumba za eneo hilo zimeuzwa kwa bei gani hasa. Bei ya kwenye tangazo si ushahidi. Ukomo wake usiutaje mbele ya muuzaji, wala kwa simu ukiwa kwenye korido ya nyumba inayouzwa. Muulize mnunuzi upya kabla ya kila ofa, maana watu huhama kazi na kukopa gari katikati ya safari bila kukwambia, kisha benki ikigundua hupunguza mkopo wiki ya mwisho. Mkikubaliana tarakimu mpya, mtumie kwa maandishi siku hiyohiyo, naye aijibu.