Namna ya Kuanza Kazi ya Kuingiza Sauti za Katuni Jijini Dar es Salaam

Kuingiza sauti ni kusema upya maneno ya wahusika wa filamu au katuni kwa lugha nyingine. Kwa mfano, nchini Israeli, filamu za watu wazima kwa kawaida huachwa katika lugha yake ya asili na kuwekewa maandishi chini ya picha, ilhali katuni za watoto ambao bado hawajui kusoma huingizwa sauti za Kiebrania. Kwa kuwa katuni hizo zina wahusika wa kila aina, mwigizaji wa kike wa fani hiyo hana budi kujua kuigiza hata sauti za wavulana wadogo na wanyama. Dar es Salaam mlango wa kazi hii umefunguliwa zaidi na tamthilia za Kituruki na za Kichina, lakini anayetaka katuni ajifunze ustadi huohuo.

Jambo la kwanza ni mdomo. Katuni inayobuniwa hapa nchini, kama Ubongo Kids iliyoanza mwaka 2014, kwa kawaida hurekodiwa sauti kabla ya kuchorwa. Katika kuingiza sauti, mdomo umekwisha kuchorwa kwa lugha nyingine, nawe unaufuata. Muswada ukisema “Nitakusubiri mlangoni”, hizo ni silabi kumi, na mhusika huenda amefumbua kinywa mara tano tu. “Nakungoja nje” inatosha. Lakini midomo yake ikikutana karibu na mwisho wa kauli, “Nakusubiri” inafaa zaidi, kwa kuwa herufi b haitamkiki bila kufumba midomo. Mfasiri hawezi kuyaona yote hayo mezani kwake, kwa hiyo mwombe mwongozaji ruhusa ya kupendekeza neno, wala usilibadilishe kimyakimya.

Sampuli ya sauti ya kuombea kazi isizidi dakika mbili, iwe na wahusika watatu wanaotofautiana kwa umri na tabia, kwani kubana pua peke yake hakutengenezi mhusika. Rekodi alfajiri, kabla bodaboda na mafundi wa kuchomelea hawajaamka, ndani ya kabati la nguo au kati ya magodoro mawili, maikrofoni ikiwa umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni. Feni izimwe. Utatoka jasho, hilo halina dawa.

Sauti za kupiga kelele na kulia ziombwe zirekodiwe mwisho wa zamu, maana koo likishakwaruzika halirudi siku hiyo.

Kuhusu malipo, andikianeni mkataba unaotaja kama unalipwa kwa kipindi au kwa saa za studio, nani atagharimia kurekodi upya, na sauti yako itatumika wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua pia waigizaji.