Saa za ndege kati ya viwanja viwili: angalia haya kabla ya kukata tiketi

Ukitafuta umbali kati ya viwanja viwili vya ndege, namba unayopewa kwa kawaida ni ya njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kwanza tazama kipimo chake. Maili ya baharini, wanayoitumia marubani, ni kilomita 1.852, ilhali maili ya kawaida ni kilomita 1.609. Ukizichanganya kwenye safari ya saa saba, makisio yako yanapotoka kwa karibu saa nzima.

Kwa hesabu ya haraka, gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Hiyo ni kwa ndege za jeti. Za propela huenda taratibu zaidi, nyingi zikiwa kwenye kilomita 500 kwa saa hivi.

Halafu kuna upepo, na huu ndio unaovuruga hesabu za wengi. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, nje ya ukanda wa joto, mikondo yenye nguvu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. London na New York zimetengana kwa takribani kilomita 5,550. Kwenda New York ni kama saa 8, kurudi kama saa 7, na majira ya baridi tofauti huzidi kuonekana. Kwa hiyo saa za kwenda usizitumie kupangia kurudi. Siasa nazo zina mkono wake: Helsinki hadi Tokyo palikuwa mwendo wa saa 9 na nusu hivi, lakini tangu anga la Urusi lifungiwe mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari hiyo imefika saa 13, na miji yenyewe haijasogea hata hatua moja. Tafuta muda wa ratiba ya sasa, si wa makala ya zamani.

Saa zilizo kwenye tiketi ni za mahali husika, kila uwanja na saa zake, kwa hiyo kutoa moja kwa nyingine hakukupi muda wa safari mpaka uondoe tofauti ya majira. Alama ya +1 maana yake unatua kesho yake. Na ndege ya 00:30 tarehe 12 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 12: uwanjani unakwenda jioni ya tarehe 11. Watu huachwa kwa hili tu.

Kama unaunganisha ndege, soma herufi tatu za kila uwanja. LHR na LGW zote huitwa London, lakini kati yake kuna safari ya barabarani. Ukiwa na tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali, mara nyingi utachukua mizigo na kujisajili upya, na ukichelewa hasara ni yako. Mimi nisingekubali pengo la chini ya saa nne hapo, hata bei iwe tamu namna gani.

Mwenye dawa za kumeza kwa saa amuulize daktari mapema azipange vipi akivuka majira, na azibebe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pawabenki, ambayo hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini. Safari ikizidi saa nne, omba kiti cha ushorobani ili uweze kuinuka na kunyoosha miguu bila kumwamsha jirani.