Jinsi ya kutumia faharasa kutafuta kwenye kanzidata ya mtandaoni: mfano wa PubMed

Ukiandika jina la mwandishi kwenye kisanduku cha kutafutia na kanzidata ikajibu kwamba hakuna kitu, usikate tamaa mapema: mara nyingi makala zake zipo. Huenda jina liliingizwa kwa namna nyingine. Limewekwa herufi za kwanza badala ya jina kamili, kistari kimeachwa, au ü imegeuzwa kuwa ue. Kanzidata hulinganisha herufi na herufi, na tofauti ndogo kama hiyo inatosha kukunyima kila kitu. Ndiyo maana kuna faharasa: orodha ya yote yaliyoandikwa katika sehemu fulani ya rekodi (maelezo ya makala moja moja), imepangwa kwa alfabeti, na mbele ya kila mstari kuna idadi ya rekodi zake. Ukiifungua kwanza, unaona jina au neno limeandikwaje humo ndani kabla hujaandika swali lako.

Kanzidata nyingi za kitaaluma zina orodha hii, ila huwekwa kwenye ukurasa wa utafutaji wa kina, na kitufe chake huitwa "Index", "Browse" au "Look up". Mfano wetu ni PubMed, kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Iko wazi kwa umma bila malipo tangu 1997, wala haihitaji akaunti.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Kwenye ukurasa wa kwanza wa PubMed bofya "Advanced", chini ya kisanduku cha kutafutia.
2. Fungua menyu iliyoandikwa "All Fields" uchague sehemu moja: "Author" kwa mwandishi, "Journal" kwa jarida, "Affiliation" kwa taasisi, "MeSH Terms" kwa mada (MeSH ni orodha rasmi ya mada za tiba). Wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa orodha imejaa vitu visivyohusiana.
3. Andika mwanzo wa neno tu, herufi nne au tano, kisha bofya "Show Index". Ukiandika neno zima na ukakosea herufi moja, orodha itafunguka mahali pasipo pake.
4. Chagua mstari unaoutaka. Ukitaka mistari kadhaa, shikilia Ctrl (au Command kwenye Mac) huku ukibofya mmoja mmoja.
5. Bofya "Add", kisha soma kilichoingia kwenye kisanduku kikubwa cha swali. Mistari ya jina lile lile inatakiwa kuunganishwa kwa OR. Ikiwa imeunganishwa kwa AND, unadai makala iliyobeba maumbo yote ya jina kwa pamoja, na jibu litakuwa karibu na sifuri.

Majina ya waandishi ndiyo yanayosumbua kuliko yote. PubMed huandika jina la ukoo, nafasi, kisha herufi moja au mbili za kwanza bila nukta: Smith JB. Majina kamili yalianza kuingizwa 2002, na hata baada ya hapo huwepo pale tu jarida lilipoyatoa. Kwa hiyo anayetafuta kwa jina kamili hupoteza makala zote za zamani bila kujua. Tena, smith j[au], ambapo [au] ni kifupi cha "author", yaani mwandishi, huleta pia Smith JA, Smith JB na wenzao. Ukimtaka Smith J peke yake, weka alama za kunukuu: "smith j"[au]. Majina yenye vipande, kama de la Cruz, yatafute chini ya D na chini ya C, maana kanzidata hazikubaliani ni kipande kipi kianze. O'Brien naye mjaribu pamoja na Obrien. Faharasa haiwezi kukuambia kama Smith J wawili ni mtu mmoja. Hilo utalijua kwa kufungua rekodi na kusoma taasisi na mada zao.

Majarida yana mtego wake. The Lancet, jarida kuu, limeingizwa kama "Lancet (London, England)", chini ya L. Ndugu yake wa afya ya dunia ameingizwa kama "The Lancet. Global health", chini ya T. Anayetazama L tu anamkosa. Ikiwa unayo ISSN, namba ya utambulisho wa jarida, itumie. Ya The Lancet ni 0140-6736, na kwa namba habari ya "The" haipo tena.

Kazi nyingine nzuri ya faharasa, ambayo hutumiwa na wachache mno, ni kupima nyota (*), alama inayosimama badala ya mwisho wowote wa neno, kabla ya kuiweka. Unafikiri child* italeta "children" na "childhood". Fungua orodha ya maneno yanayoanza na child, utakutana pia na "childbirth" na "childbearing", mambo ya uzazi ambayo huenda hukuyataka kabisa. Ukishaona hivyo, chagua maneno mawili matatu unayoyahitaji, uyaunganishe kwa OR, uache nyota. PubMed inadai angalau herufi nne kabla ya nyota.

Lakini alfabeti ina mpaka wake. Huonyesha majirani wanaoanza sawa tu. "Oesophagus" ya Uingereza iko O, "esophagus" ya Marekani iko E. "Anaemia" na "anemia" zimeachana mbali. Orodha haitakukumbusha tahajia ya pili, kwa hiyo ziandike tahajia zote pembeni kabla ya kuanza, kisha fungua faharasa mara moja kwa kila moja.

Vivyo hivyo kwa mada za MeSH. Ukitafuta saratani chini ya C utaona "Cancer Vaccines" na "Cancer Survivors", mada ndogo, ilhali mada kuu imeitwa "Neoplasms". Hapa anza na kamusi ya MeSH yenyewe, iliyo kwenye tovuti hiyo hiyo: ukiiandikia "cancer" inakupeleka kwenye jina rasmi. Na usitegemee mada peke yake. PubMed ina rekodi zisizopewa MeSH kabisa, kwa hiyo ongeza maneno ya kawaida yenye alama [tiab], yanayotafutwa katika kichwa na muhtasari.

Kuhusu taasisi, chagua neno moja la pekee katika jina lake, si jina zima, kwa sababu kila mwandishi huliandika apendavyo. Anwani za waandishi wote zilianza kuingizwa 2014; kabla ya hapo ilikuwa ya mwandishi wa kwanza tu.

Idadi zilizo kwenye orodha usizijumlishe. Mstari wa rekodi 120 na mwingine wa 35 vinaweza kuleta 140, kwani rekodi moja huweza kubeba maumbo yote mawili.

Kila kundi la maneno likikamilika, tumia "Add to History" badala ya kutafuta papo hapo, kisha unganisha makundi kwa namba yaliyopewa kwenye historia: #1 AND #2. Historia hiyo hufutika baada ya saa 8 bila kuguswa. Nakili maandishi kamili ya swali kwenye faili lako, pamoja na tarehe, maana #1 ya leo kesho haitakuwa na maana yoyote.